Pampu ya pumu, moshi wa jikoni, na jibu nililolitoa mwaka 2013

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu, leo maneno ni marefu. Mwenye haraka ayahifadhi, asome baada ya Isha akiwa ametulia.

Wiki hii watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wameniandikia swali moja: mwenye pumu akivuta pampu yake mchana wa Ramadhani, je, swaumu yake imebatilika? Wa tatu akamalizia, "Maalim, nijibu kwa kifupi tu, ndiyo au hapana." Hilo neno la kwa kifupi ndilo lililonikalisha chini kuandika. Mimi niliwahi kulijibu swali hili kwa kifupi, hapa hapa Sepuka.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2013. Ile iliangukia Julai na kuingia Agosti. Anayeijua Singida anajua Julai yetu: usiku na alfajiri baridi kali, mchana upepo unaosomba vumbi jekundu mpaka ndani ya mitungi ya maji. Ni msimu ambao alizeti imekwisha vunwa, inapigwa na kupepetwa kila ua. Baada ya tarawehe kijana mmoja akanifuata mlangoni mwa msikiti. Akanipa salamu, akasema, "Maalim, mama ananituma. Ile pampu yake ya pumu, inafunguza?"

Nilikuwa nimechoka, na nyuma yake walikuwepo watu wengine wenye maswali yao. Nikamuuliza ndani yake mna nini. Akasema ni dawa ya kupuliza. Nikamwambia, kila kitu chenye umbile kikipita kwenye tundu lililo wazi kikafika ndani ya mwili, kinafunguza. Mwambie mama aivute baada ya Magharibi. Kijana akasema, "Shukran, Maalim," akaenda zake. Mazungumzo yote hayakufika dakika mbili.

Mama yule nilimjua. Alikuwa mjane, akiuza vitunguu mnadani, na hakukosa darsa ya akina mama. Alikuwa mtu wa kujivunia kwamba Ramadhani haijawahi kumpita. Basi akaichukua pampu akaiweka sandukuni, akawa anaitoa usiku tu. Siku kumi hivi baadaye, kwenye saa kumi alasiri, baada ya kushinda akipepeta alizeti, kifua kikambana. Binti yake alinisimulia baadaye kwamba alimletea ile pampu mkononi. Mama akatikisa kichwa, akamwonyesha jua kwa kidole, kwamba bado. Kusema alikuwa hawezi tena. Mpaka pikipiki ikapatikana na wakafika njiani, roho ikawa imetoka.

Nilimswalia mimi. Watoto wake walikuja kunishukuru kwa mazishi, wakasema ni kadari ya Allah. Ni kweli, ajali haitangulii wala haichelewi, na mimi sina itikadi nyingine. Lakini kuna hadithi ambayo tangu siku ile siwezi kuisoma mbele ya wanafunzi bila kusimama kidogo. Ameipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.). Sahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa jiwe kichwani akapata jeraha. Usiku akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kuwa hawaoni ruhusa kwake maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) hakuwaambia kuwa ni kadari basi yamekwisha. Aliwatia makosani kwa mauti yake kwa maneno mazito sana, na akawauliza kwa nini hawakuuliza ilhali hawajui, kwa kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Angalia vizuri, ndugu yangu. Wale hawakuwa wazushi. Hukumu waliyoitoa, ukiitoa kwa mtu mzima wa afya, ni sahihi: maji yakiwepo huna tayamamu. Walichokosa ni kumtazama aliyekuwa mbele yao. Na kanuni niliyomsomea yule kijana sikuibuni, ndiyo tuliyosoma katika vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii. Ila sikuuliza mama yako ana pumu ya namna gani, anabanwa mara ngapi, asipoivuta anakuwaje. Swali la mgonjwa nililijibu kama vile ni la mtihani wa madrasa.

Baada ya msiba nilimfuata daktari wa zahanati, nikamwomba anifundishe kama mwanafunzi. Haya nayaandika kama alivyonielewesha, na nimeendelea kuuliza tangu hapo.

Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa. Njia hizo kwa mwenye pumu zimevimba ndani kwa ndani muda wote, hata siku anayojiona mzima. Akikutana na kinachomchokoza, iwe vumbi, moshi, baridi, mafua, poleni ya maua, au manyoya ya mnyama, misuli inayozizunguka inakaza, makohozi yanajaa, na tundu la kupitisha hewa linabaki kama la mrija wa peni. Ndiyo maana unasikia kifua kinapiga filimbi. Jambo lililonishangaza ni kwamba mwenye pumu tabu yake kubwa ni kuitoa hewa. Ile ya zamani haitoki, basi mpya haina pa kuingia.

Na pampu si moja. Ile ya bluu ambayo wengi wanaijua ni ya kufungua njia wakati umebanwa, inafanya kazi ndani ya dakika chache, na nguvu yake ni saa nne hadi sita. Iko nyingine, mara nyingi ya rangi ya kahawia, ambayo inatuliza ule uvimbe wa ndani. Hiyo haikupi nafuu ya papo hapo, ndiyo maana watu wanaitupa wakisema haifanyi kazi. Lakini ndiyo inayozuia usibanwe. Wataalamu wa pumu duniani, tangu mwaka 2019, hawashauri tena mtu kutegemea ya bluu peke yake. Ukijiona unaikimbilia ya bluu mara kwa mara kila wiki, ujue uvimbe uko ndani unakula, rudi kwa daktari.

Sasa sikiliza jambo hili, wewe unayefunga. Ile dawa ya kuzuia kwa kawaida inavutwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Maana yake mgonjwa anaweza kuivuta wakati wa daku na wakati wa futari, na saumu yake haijaguswa kwa kauli ya yeyote. Lau ningeuliza mwaka ule, ningeambiwa hivyo. Mama yule alikuwa na ya bluu tu, na hakuna aliyemwambia kuwa iko nyingine.

Tuje kwenye hukumu, maana najua ndiyo mnayoingojea.

Wanazuoni wa zama zetu wamekhitalifiana. Wapo waliosema pampu haifunguzi, miongoni mwao Sheikh Ibn Baz na Sheikh Ibn Uthaymin, Allah awarehemu. Hoja yao ni kwamba dawa ile inakwenda mapafuni, si tumboni, si chakula wala kinywaji wala haina maana ya chakula, na kinachobaki kooni ni kidogo kuliko unyevu unaobaki baada ya kusukutua kwa udhu, ambao sheria imeusamehe. Wapo waliosema inafunguza, kwa sababu ndani yake mna dawa na majimaji yanayopita mdomoni na sehemu yake kushuka, na hili ndilo linalokaribiana na kanuni ya Mashafii niliyoitaja. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, ile ya Jeddah, katika kikao chake cha 10 mwaka 1997 iliorodhesha mambo mengi ya tiba yasiyofunguza, mpaka oksijeni ikatajwa humo, lakini suala la pampu ikaliahirisha lichunguzwe zaidi. Wanazuoni wa dunia nzima walikaa wakasema tusubiri tuchunguze. Mimi mlangoni mwa msikiti nililimaliza kwa dakika mbili.

Lakini chukua kauli kali kuliko zote. Chukua ile inayosema imefunguza. Inamtaka mgonjwa afanye nini? Inamtaka alipe siku moja baada ya Ramadhani. Basi. Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, zimemruhusu mgonjwa kufungua na kuhesabu siku nyingine, na zimeeleza kwamba katika hukumu hii Mola wetu anatukusudia wepesi. Na aya ya 195 ya sura hiyo hiyo imetukataza kujitia wenyewe katika maangamizi. Hakuna mwanazuoni niliyemsoma, mkali wala mpole, aliyesema mtu abanwe huku dawa iko mkononi anaangalia jua. Ukibanwa, vuta. Vuta hapo hapo, wala usinipigie simu kwanza. Ukishapata pumzi ndipo utafute unayemwamini katika elimu akwambie kama unalipa au hulipi. Na ambaye ugonjwa wake haumwachi mwaka mzima, na daktari mwaminifu amesema asifunge, huyo ana fidia yake ya kulisha maskini, wala asione haya. Mimi binafsi, kwa tahadhari, humwambia aliyevuta akiwa na nguvu za kulipa alipe hiyo siku. Anayefuata kauli ya pili simlaumu.

Kuna na hofu nyingine, haihusiani na swaumu. Watu wanasema ukianza pampu huwezi kuacha mpaka kaburini, au kwamba pampu ndiyo inayoua. Nimewahi kumsikia mzee wa makamo akiapa kuwa kila aliyemwona na pampu amekufa. Nikamwambia, mzee wangu, na kila uliyemwona na miwani haoni vizuri, je, ni miwani iliyompofusha? Akacheka, lakini sijui kama alielewa. Wengine wanaambiwa ni jini linalomkaba. Ruqya ni haki, na mimi mwenyewe nasoma. Ila anayekusomea kisha akakwambia tupa dawa za hospitali, huyo mkimbie. Na kumfunika mgonjwa wa pumu kwa blanketi na kumfukiza moshi wa mizizi ni kumpelekea adui yake chumbani. Tumefundishwa na Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), kwamba hakuna ugonjwa ulioteremshwa ila umeteremshiwa na dawa yake. Hakutuambia dawa hiyo lazima iwe ya mizizi.

Nirudi kwa yule daktari. Aliponiona nimejiinamia, aliniambia neno ambalo hakulisema kunifariji. "Maalim, hata pampu angeivuta, yule mama mapafu yake yalikuwa yamechoka. Umewahi kuingia jikoni kwake?"

Sikuwahi. Nani kati yetu anaingia jikoni? Nilipokwenda pale msibani nikaomba nionyeshwe. Chumba cha udongo kiduchu, paa la chini kama tembe za wazee wetu, mlango mmoja wa kuinama, dirisha la ukubwa wa kitabu na limezibwa kwa gunia kuzuia upepo. Mafiga matatu katikati. Ukuta mweusi unang'aa kama umepakwa lami. Nikapitisha kidole, masizi yakaja mazito. Huo ukuta ulikaa pale miaka, na mapafu ya mama yule yalikaa pale pale, mbele ya moto ule ule, tena yeye alikuwa anavuta na ukuta hauvuti.

Yule mama hakuwahi kuwasha sigara maishani mwake. Lakini ndivyo ulivyo huu ugonjwa wa pili, ndugu zangu, ugonjwa sugu wa mapafu wa kuziba njia za hewa. Unafanana na pumu kwa kikohozi na kubanwa, ila tofauti ni hii: pumu inakuja na kuondoka, na ikitibiwa vizuri mtu anaishi maisha yake kamili, anakimbia mpira na anazeeka. Huu mwingine ukishaharibu vile vifuko vidogo vya hewa havirudi. Unaanza mtu anahema akipanda kilima, miaka inapita anahema akitandika kitanda, mwisho anahema akiongea. Wakubwa wa kuuleta ni tumbaku na moshi wa jikoni, na vumbi la kazini linafuatia. Shirika la Afya Duniani linasema ugonjwa huu uliua watu takriban milioni 3.5 duniani mwaka 2021, na kwa wanaokufa kabla ya kufika miaka 70, karibu tisa katika kila kumi ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Moshi wa majumbani peke yake, kwa magonjwa yake yote, ulihesabiwa kuua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Na hapa kwetu viongozi wa Serikali wamekuwa wakitaja Watanzania zaidi ya 33,000 kwa mwaka.

Chembe zenyewe zinazoua ni ndogo kiasi kwamba unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko chembe moja karibu mara thelathini. Pua haizizuii, kikohozi hakizitoi. Katika nyumba isiyopitisha hewa, moshi wa kuni unaweza kuzifikisha mara 100 ya kiwango kinachokubalika. Na mtoto aliyebebwa mgongoni mama akipika anavuta humo humo. Watoto wanaovuta moshi huo hatari yao ya kupata nimonia inakaribia kuwa maradufu.

Sasa niseme ninachokiona mimi, na asiyekubali aniandikie hapa chini kwa adabu. Moshi wa jikoni sisi wanaume tumeufanya jambo la wanawake, na kumbe ni deni letu. Nafaka ya mke ni juu ya mume: chakula, mavazi, makazi. Makazi yanayomuua mtu polepole ni makazi gani? Tumejifunza wote ile kanuni ya Mtume (s.a.w.) kwamba hakuna kudhuru wala kulipizana madhara, tunaitumia tukigombania mipaka ya mashamba. Jikoni hatuipeleki. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akaeleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani mwake mpaka wakati wa swala ufike. Wewe shemeji yangu unayesoma hapa, ingia jikoni leo wakati maharage yanachemka, kaa dakika kumi mlango ukiwa kama ulivyo. Mimi nilijaribu nyumbani kwangu. Dakika ya nne nilitoka nje machozi yananitoka, na mke wangu akaniuliza nimefiwa na nani.

Ramadhani hizi za sasa zinaangukia Februari na Machi, katikati ya mvua zetu. Mwaka 2013 tatizo lilikuwa vumbi na baridi. Sasa ni kuni mbichi. Mwanamke amefunga kama wewe, mvua inanyesha hawezi kupika nje, anaingia kwenye kile chumba na kuni zilizolowa, mabua ya alizeti na magunzi, tangu saa tisa mpaka adhana, ili ukute uji wa uwele, viazi na maharage. Wewe unatoka barazani ukiwa na tende yako. Halafu unauliza kama pampu yake inabatilisha swaumu.

Najua mtasema gesi ni ghali. Nakubali, kujaza mtungi mdogo ni elfu ishirini na zaidi, na kwa mkulima wa alizeti hizo ni fedha. Lakini mambo yamesogea. Mwezi Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na kabla ya hapo taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziliagizwa kuachana na kuni na mkaa. Mitungi ya kilo 6 ya bei ya ruzuku imekuwa ikisambazwa vijijini kupitia REA. Ulizeni ofisi ya mtendaji, msisubiri mletewe msikitini. Nina shaka, sitaficha, kwamba mtungi ukiisha gesi mara ya kwanza nyumba nyingi utageuka kiti. Nimekwisha kuona moja umewekewa kitambaa cha kufuma.

Basi hata kabla ya gesi, kuna visivyohitaji mkakati wa taifa. Dirisha la jiko ni jembe na nusu siku. Banda la wazi upande mmoja, lililoezekwa bati mbili, linafaa kwa mvua pia. Kuni kauka zinawekwa ndani kabla ya mvua kuanza, na hiyo ni kazi ya mwanamume mwenye shoka. Maharage yakilowekwa usiku yanaiva kwa muda mfupi zaidi asubuhi. Jiko banifu linakula kuni chache. Mwenye pumu asipewe zamu ya kupika wala kupepeta, hata kama ndiye binti mkubwa. Na jiko la mkaa lisilale chumbani na watu usiku wa baridi, kando na pumu, hewa yake inaua kimya kimya, na Mtume (s.a.w.) alishakataza kuacha moto ukiwaka majumbani wakati wa kulala.

Vijana wetu wanaokwenda Sambaru na Londoni kwenye dhahabu, na wale waliofika mpaka Mererani, neno lenu ni hili. Vumbi la mwamba mnaotoboa na kusaga linaingia mapafuni na kuyafanya makovu, na hakuna dawa ya kuyaondoa makovu yale. Tena aliye na vumbi hilo kifuani anapatwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mwingine. Kitambaa ulichofunga mdomoni hakikukingi ipasavyo. Mwamba ukilowanishwa maji wakati wa kutoboa vumbi linapungua sana. Ukirudi na kikohozi kinachopita wiki mbili, kapime, na mwambie daktari kazi uliyoifanya, usimfiche, kwa sababu kwenye picha makovu ya vumbi na kifua kikuu vinaweza kufanana. Hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro ina uzoefu wa miaka mingi na mapafu ya wachimbaji. Sigara sina haja ya kuirefusha, hukumu yake mmeisikia Ijumaa nyingi.

Na msikitini kwetu je? Tulikuwa na kawaida ya kufagia mikeka kwa ufagio mkavu dakika chache kabla ya adhana, na Ijumaa chetezo cha udi kinazungushwa safu kwa safu. Nimeviondoa vyote viwili. Mikeka inakung'utwa nje siku ya Alhamisi na sakafu inanyunyizwa maji kabla ya kufagiwa. Chetezo kinafukizwa mapema msikiti ukiwa mtupu na madirisha wazi. Baadhi ya wazee walinung'unika kwamba nimefuta sunna. Nikawaambia sunna ni manukato, jipakeni mafuta mazuri mje, mimi nitafurahi. Aliyekula kitunguu saumu Mtume (s.a.w.) alimwambia asisogee msikitini kwa sababu ya kuudhi watu kwa harufu. Harufu tu! Je, moshi unaomtoa mtu nje ya safu anakohoa, tuuite ibada? Yuko mtoto mmoja wa madrasa alikuwa haji Ijumaa, tukadhani mtoro. Siku hizi anakaa safu ya tatu.

Nyinyi watatu mlioniuliza, nitawapigia mmoja mmoja, kwa sababu nina maswali ya kuwauliza kabla sijawajibu. Mnavuta pampu ipi, mara ngapi kwa wiki, daktari amesema nini, mnapikia wapi. Na kwa walio Sepuka na vijiji vya jirani: Jumamosi ya kwanza kabla ya Ramadhani, baada ya Alasiri, nitakaa barazani pa msikiti pamoja na daktari wetu. Njooni na pampu zenu, hata zile zilizokwisha, maana wengi hawajui kuzivuta, dawa inaishia ulimini. Akina mama wana sehemu yao upande wa madrasa. Na waume waje pia, wenye pumu na wasio nayo.

Mwombeeni maghfira mama yule, na mniombee na mimi.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.